Shule kongwe ya mawe: irudi darasa, iwe makumbusho, hoteli, au ibaki gofu?

Fundi aligonga ukuta kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Ko, ko, ko. Akasogea hatua, akagonga tena. Alipofika chini ya ubao mweusi, ule wa zamani uliopakwa rangi moja kwa moja ukutani, sauti ikageuka ikawa nzito na tupu, kama mtu anagonga debe lenye maji nusu.

"Hapa lipu imeshaachana na jiwe, mwanangu," akasema. "Inasubiri mtu wa kumwangukia."

Kamati yetu ya wanafunzi wa zamani ilikuwa imekaa vikao vinne kabla ya siku ile, na ilikuwa imeshagawanyika. Mwenyekiti alitaka makumbusho. Mfadhili mmoja, mtu wa biashara, alitaka hoteli ndogo yenye vyumba kumi. Mwalimu mkuu alitaka madarasa, maana watoto wake walikuwa wamebanana kama dagaa kwenye fungu. Kuta zenyewe hakuna aliyeziuliza. Tangu hapo nimeitwa kwenye mabishano ya namna hiyo mara kadhaa, pwani ya Bara na visiwani, na mengi hukwama palepale: watu huchagua matumizi kwanza, halafu jengo hulazimishwa kuyavaa.

Mimi huanza na maswali mawili. Matumizi haya yatabomoa kuta ngapi? Na yataingiza maji kiasi gani ndani? Jengo la mawe ya matumbawe na chokaa huvumilia mengi, uzee ukiwamo, lakini halivumilii maji yanayokaa ndani ya ukuta.

Hati kabla ya ramani

Kabla hata ya kumwita fundi, tafuteni karatasi. Mwaka 1896 Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyepata mali kwa kuhudumia misafara ya kwenda bara, aliwakabidhi Wajerumani jengo la shule la orofa tatu. Aliwapa kwa sharti: watoto wa rangi zote wapokelewe. Kwa wakati ule hilo halikuwa sharti dogo. Shule nyingi kongwe zina mkono wa mtu kama yeye nyuma yake. Nyingine ni wakfu, nyingine zilijengwa kwenye ardhi ya misheni, nyingine zilitaifishwa na hati zake zimelala kwenye jalada la wilaya ambalo hakuna aliyelifungua kwa miaka. Kama ni wakfu na iko Unguja au Pemba, mlango wa kwanza ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mkishatia saini na mwekezaji halafu hati ikaibuka, mradi umekufa.

Sheria nayo ina mitego. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale kwa umri wake likiwa lilijengwa kabla ya 1863. Shule nyingi tunazozililia ni za baada ya hapo, kwa hiyo zinalindwa pale tu zinapotangazwa. Msidhani kwamba kwa kuwa kila mtu analiita "jengo la kihistoria", basi hakuna anayeweza kuja na tingatinga Jumapili asubuhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mambo yamebana zaidi: hata kubadilisha dirisha ni lazima upitie Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji.

Kulirudisha kuwa darasa

Hili ndilo chaguo langu la kwanza pale linapowezekana, na sisemi hivyo kwa kumbukumbu za utotoni. Shule ilijengwa iwe shule. Baraza lake liko upande wa kivuli, madirisha yake yanakabiliana ili upepo upite, vyoo vyake viko nje uani. Kitu hicho cha mwisho watu hukidharau, na ndicho kinachookoa kuta: hakuna bomba la maji linalopita ndani ya jiwe.

Kasoro ni hesabu ya watoto. Katika nyumba nyingi za mawe za pwani upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hufika kama mita 2.5 hadi 3 tu. Kama shule yenu ilikuwa nyumba ya mtu kabla ya kuwa shule, vyumba vitakuwa vyembamba na virefu kama ushoroba. Watoto 45 hawaingii humo bila kubomoa ukuta wa kati, na ukuta wa kati ndio mara nyingi unaobeba sakafu ya juu. Kama jengo lilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya shule, mtakuta mihimili ya chuma na vyumba vipana, na hapo mko salama zaidi. Pimeni kwa utepe kabla ya kubishana.

Halafu kuna kengele ya mapumziko. Watoto mia moja wakishuka ngazi kwa pamoja wanaitikisa sakafu kuliko mzigo uleule ukiwa umetulia. Tulichokubaliana kwetu ni kwamba wadogo wakae chini, na juu iwe maktaba ya kusomea na chumba cha walimu. Rafu nzito za vitabu nazo zisimame kandokando ya kuta, kamwe zisiwekwe katikati ya boriti.

Na moto. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, la mwaka 1941, liliungua usiku wa Septemba 2020, na Kampala ikaamka kutazama paa limeshuka. Lilijengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Serikali ilikuwa nyuma yake. Shule yenu ya kata haina serikali inayoisubiri na hundi mkononi, kwa hiyo nyaya za zamani, zile zenye ngozi ya nguo, zitoke zote kabla taa hata moja haijawashwa, na mlango wa pili wa kutokea upatikane.

Kulifanya makumbusho

Wazee hulipenda chaguo hili, na mimi huwauliza swali linalowaudhi: mtaonyesha nini mwezi wa saba?

Mwezi wa kwanza mna picha za zamani, kengele ya shule, daftari la mahudhurio la mkoloni. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanalia kidogo. Mwezi wa saba kaunta ina vumbi. Makumbusho yanayosimama ni yale yenye mkusanyo wa kweli na mtu wa kulipwa mshahara. Angalia Nairobi Gallery: jengo la 1913, lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, sasa liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na lina hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekusanya sanaa za Afrika maisha yake yote. Mombasa, Mahakama ya Kale ya 1902 iko hatua chache kutoka Fort Jesus, kwa hiyo mgeni yupo tayari mlangoni. Shule yenu ina Fort Jesus jirani?

Kwa upande wa kuta, lakini, makumbusho ni mpole sana. Maji kidogo, watu wachache, hakuna ukuta wa kubomoa. Adui yake ni unyevu wa pwani, unaokula karatasi na nguo. Picha za asili zipelekwe kwenye nyaraka za taifa, ukutani mtundike nakala.

Kulifanya hoteli au nyumba ya wageni

Fedha ziko hapa, na tusijifanye hatuzioni. Mji Mkongwe umeokoa majengo kadhaa kwa njia hii. Jengo la zamani la simu pale Shangani likageuka Serena mwaka 1997, na watu wa urithi wengi hulitaja kwa heshima. Lakini jirani yake, Mambo Msiige, lilipogeuzwa hoteli na kufunguliwa 2015, jengo jipya lililoambatishwa pembeni lilizua mvutano mrefu na UNESCO kuhusu ukubwa wake.

Tatizo la hoteli kwa jengo la shule ni bafu. Mgeni wa leo anataka bafu lake chumbani. Vyumba kumi ni mabafu kumi, na mabafu kumi ni mabomba ishirini yanayopenya kuta za chokaa, maji ya moto yanayotoa mvuke, sakafu za vigae zinazovuja polepole kwenye ncha za boriti ambako hakuna anayeona. Niliwahi kuingia katika nyumba moja ya wageni nikachomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti chini ya bafu la ghorofa ya kwanza. Bisibisi ilizama hadi mpini, kama kwenye muhogo uliochemka. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kupaka rangi mpya wiki ile.

Kama mnakwenda njia hii, mabafu yote yapangwe juu kwa juu, sehemu moja ya jengo, kwenye kibanda kipya kilichoegemea upande wa uani, mabomba yapite nje ya ukuta wa kale ambako kila mtu anayaona yakivuja. Wasanifu hawalipendi wazo hili kwa sababu ya sura. Waambieni sura ya mbele ndiyo inayopigwa picha.

Na mkodishe, msiuze. Mkataba useme wazi nani anatengeneza paa.

Kuliacha gofu

Watu hulichukulia hili kama kushindwa. Nendeni Mbweni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilinunua shamba pale mwaka 1871 wakati wa Askofu Tozer, ikajenga shule ya Mtakatifu Maria kwa wasichana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray aliiongoza kwa miaka mingi. Shule ilikufa, paa likaenda, na miaka mingi baadaye hoteli ikajengwa pembeni huku magofu yakiachwa bustanini kama yalivyo. Unapita chini ya matao, jua linakupiga kichwani, na unaelewa ukubwa wa mahali kuliko ungeelewa kwa bango lolote.

Gofu nalo lina gharama zake. Vichwa vya kuta hufunikwa kwa chokaa ili mvua isiingie katikati ya ukuta, na miche ya jamii ya mtini inayoota kwenye nyufa hung'olewa ingali midogo, maana mizizi yake ikishanenepa hupasua ukuta kama kabari. Kazi ya siku mbili kila baada ya masika. Kama paa limeshaondoka na ukuta mmoja umelala, fikirieni hili kwa dhati kabla ya kuota ndoto ya kulijenga upya.

Kuchanganya

Pale Mkunazini, Mji Mkongwe, jengo la Mtakatifu Monica, kando ya kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa, lina vyumba vya wageni na maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yaliyofunguliwa 2016. Zahanati ya Kale ya bandarini, ambayo Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan miaka ya tisini ikawa kituo cha utamaduni chenye maduka. Na Forodha Kongwe ya Mizingani ilikwenda kinyume: ofisi ya ushuru ikawa shule, maana mwaka 2002 chuo cha muziki wa nchi za majahazi kilianza pale, vijana wakajifunza taarabu na kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, madirisha yakitazama bahari.

Nikiangalia yote hayo, mchanganyiko ndio unaoishi muda mrefu: chini kuna kinachoingiza hela, juu kuna kinacholipa jengo maana. Ila mchanganyiko unataka uongozi mmoja. Ukiwa na wapangaji watatu na hakuna msimamizi, paa linavuja na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kwa wasiopenda kusoma sana:

| Matumizi | Maji ndani | Kuta za kubomoa | Hela |
|---|---|---|---|
| Darasa | Kidogo, vyoo viko nje | Hakuna, ikiwa vyumba ni vipana | Ruzuku na michango |
| Makumbusho | Kidogo sana | Hakuna | Ngumu bila mkusanyo na mgeni |
| Hoteli | Mengi mno | Nyingi | Nzuri, lakini zinategemea msimu |
| Gofu | Mvua tu | Zimeshaanguka zenyewe | Ndogo, matumizi pia madogo |
| Mchanganyiko | Inategemea kilicho chini | Chache | Ya wastani, kila mwezi |

Chokaa au saruji

Hapa ndipo majengo mengi huuawa kwa nia njema. Saruji inapatikana kila duka la vifaa, inakauka kesho, kila fundi anaijua. Chokaa inataka subira. Mawe huchomwa kwenye tanuri hadi hewa ukaa itoke, yanazimwa kwa maji yakichemka na kufoka, kisha rojo lake hukaa shimoni kwa wiki au miezi. Linapopakwa hupigwa matabaka membamba, na kila tabaka hutunzwa unyevu kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa hukomaa kwa kuivuta tena hewa ukaa kidogokidogo. Ikikauka haraka na jua inageuka unga.

Kwa nini basi ujitese? Kwa sababu ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu wa ardhini hupanda, hutoka juu kupitia lipu ya chokaa, upepo unauchukua. Ukipaka saruji umeufunga mlango. Unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, jiwe linalegea, boriti inaoza, na nje ukuta unang'aa kama mpya. Saruji inabanduka ikiwa bamba zima, na huondoka na uso wa jiwe.

Fundi mmoja aliniambia saruji ni nafuu ukilipia mara moja. Ndivyo ilivyo. Gharama ya chokaa ni mikono, na mikono hiyo ni ya vijana wa mtaa wenu, hela inabaki hapohapo. Ya saruji ni mifuko.

Mahali pa saruji nitapataja: msingi wa kibanda kipya cha vyoo, mtaro wa maji ya mvua, tangi. Vitu vipya visivyogusa ukuta wa kale.

Boriti au zege, na paa

Kila mhandisi kijana hupendekeza kutoa sakafu ya boriti na kumwaga zege. Namwelewa, zege ndilo alilosomea. Lakini zege ni zito na gumu, na linakaa juu ya ukuta uliozoea kitu kinachonyumbuka. Badilisheni boriti zilizooza tu, moja moja, mkichagua mbao ngumu zilizotibiwa dhidi ya mchwa, na muache nafasi ya hewa kwenye ncha zinazoingia ukutani. Kabla ya hapo, ondoeni tabaka za sakafu zilizorundikwa kwa miaka: kila aliyekarabati aliongeza inchi mbili juu ya za mwenzake, na hakuna aliyekumbuka kwamba boriti hazikuongezwa.

Paa halina mjadala mrefu. Paa ndilo la kwanza, kabla ya rangi, kabla ya milango, kabla ya jiwe la ufunguzi lenye jina la mgeni rasmi. Upepo wa bahari hula bati jembamba la geji 30 upesi. Nunueni geji 28, ambalo ni nene zaidi, au alumini. Na mifereji iwe mipana, ishushe maji mbali na msingi. Beit el Ajaib, jumba la 1883 pale Mji Mkongwe, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati na mafundi wawili wakafa. Tangu siku ile, mtu akiniambia "tutaanza na rangi ya mbele ili wafadhili waone", namwomba kwanza apige nguzo za kuegemeza upande wa nyuma.

Kwetu ilikuwaje

Hati ilipatikana, na ilisema elimu. Hoteli ikafa pale pale, mfadhili akanuna wiki mbili, kisha akarudi akalipia bati. Darasa la kwanza na la pili watakaa chini. Juu maktaba, na jioni chumba kimoja kitakodishwa kwa mafunzo ya kompyuta na ushonaji, hela iende kwenye akaunti ya paa. Shimo la chokaa limechimbwa nyuma ya vyoo na kufunikwa kwa mabati chakavu, watoto wamekatazwa kulikaribia, na bila shaka wanalikaribia.

Kilichobaki ni ubao mweusi. Lipu ya chini yake imeachana na jiwe, lazima itoke. Mwalimu mkuu anataka ubao mweupe wa kalamu. Sisi wazee wa darasa lile hatutaki kusikia. Fundi amepiga mstari wa mkaa kuuzunguka ubao wote, akaacha kiganja kimoja cha nafasi kila upande, na amesema akianza kukata hapo anahitaji watu wanne wa kuushikilia na mtu mmoja wa kunyamaza. Kazi ni Jumamosi.